Waya wa Ardhi na Ubeti wa Mama

Jumanne asubuhi nilikuwa sokoni Masasi nachagua mbaazi nilipopigiwa simu kutoka Kitangari: fundi wetu wa redio amefariki, maziko ni alasiri ileile. Mbaazi nikazirudisha kwenye gunia la watu, nikapanda gari la Newala. Mnaonisoma siku zote mnajua kuwa sina mkono wa kuandika machozi, na huyu marehemu angenicheka kama ningejaribu. Makaburini kwenyewe watu walikuwa wakinong'onezana vituko vyake huku wakijiuma midomo wasicheke mbele ya shehe. Changu ni hiki.

Mama yetu alikuwa mwanakwaya wa misheni. Kwaya yao iliwahi kurekodiwa kwenye santuri, na katika wimbo wa pili ubeti wa kwanza anauimba peke yake. Baba alitangulia, mama akafuata, kitindamimba wetu akiwa hajaanza hata kutambaa. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule kabla ya kumaliza, nikabaki na wadogo watatu, mikorosho ya baba huku Makote, na hiyo santuri moja niliyoifunga kwenye kanga chini ya nguo. Mashine ya kuipigia hatukuwa nayo. Kitindamimba alipojua kusema vizuri akaniuliza, "Dada, mama alikuwa na sauti gani?" Nikamjibu, nzuri. Akauliza tena akiwa darasa la tatu, akauliza tena alipoajiriwa uuguzi, na alipopata watoto wake akauliza kwa niaba yao. Nzuri ikoje? Nilimpa uji, nilimpa sare, na ukali nilimpa wa kutosha, lakini hilo lilinishinda miaka yote.

Mwaka juzi mdogo wangu wa kiume aliyeko Dar es Salaam akapata mashine ya santuri iliyotumika, akaituma. Ilikuja peke yake, bila amplifaya wala spika. Nikaenda duka moja la Masasi, kijana wa pale akanionyesha amplifaya kubwa kama sanduku la nguo, ina taa za rangi zinazocheza. "Hii mama, ukiiwasha, Newala wanasikia," akasema. Nilitaka kweli Newala wasikie. Bahati nzuri jirani yangu akaniambia kwanza nimwone fundi wa karibu na stendi ya Newala, ndiye huyu tuliyemzika. Nikabeba mashine yangu na ile santuri nikaenda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Gazeti. Umekuja kuniandika?"

Nikamweleza habari ya kwaya na ya kitindamimba. Akafuta mikono kwa kitambaa kabla ya kuishika santuri. "Mimi mtu wa msikitini," akasema, "lakini nimetengeneza redio za misheni mpaka nyimbo zenu nazijua kuliko padri. Sasa hiyo ya taa za rangi unataka kumwimbishia nani? Wafu wa Lupaso?"

Halafu akanifundisha, na mimi nisiye na cheti nikaelewa. Sindano ya santuri hutoa sauti ndogo mno, na wanapotengeneza santuri hupunguza sauti nene ili mifereji isipanuke ikajaza sahani. Kwa hiyo kabla ya amplifaya panahitajika kidude kingine, priampu, cha kuipandisha ile sauti ndogo na kuirudishia unene wake. "Ukiruka hapo ukaenda moja kwa moja kwenye amplifaya yako ya disko," akasema, "mama yako ataimba kama mbu ndani ya kopo. Na ukiongeza sauti, unaongeza mbu." Alikuwa na amplifaya mbili kuukuu. Moja ilikuwa na priampu ndani yake, ya kuvutia, ila upande wa kushoto ulikuwa unakatakata. Ya pili ilikuwa ndogo, haina mapambo, nzima pande zote. Akachagua hiyo ya pili, akaniwekea spika mbili na priampu ya pembeni isiyozidi viberiti viwili, akabadilisha na sindano. "Ile iliyochakaa ingemkwangua mama yako, na mama mnaye mmoja." Nimewaona mafundi wengi, lakini wachache wanaokuuzia kidogo kuliko ulichokuja kutaka.

Tukakutana nyumbani wote wanne na watoto wao. Nikaunganisha kama alivyonielekeza, nikawasha. Ngurumo! Mmmm, kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Santuri sikuthubutu kuiweka. Nikampigia simu.

"Kuna waya mwembamba wa kijani umeuacha unaning'inia," akasema. "Ndio waya wa ardhi. Ufunge."

Waya wa ardhi. Basi tukauunga ukawa mrefu, tukaupitisha dirishani, tukaufunga kwenye msumari wa inchi sita, tukaupigilia uani. Ngurumo ikabaki palepale. Mdogo wangu wa pili akasema ardhi yetu ni kavu, haishiki umeme, imwagiliwe. Na ninyi mnajua maji ya huku juu mlimani yanavyofuatwa mbali. Ndoo nzima ikaenda kwenye msumari.

"Dada," kitindamimba akasema, "tumebeba madumu tangu alfajiri, kumbe tunamnywesha redio!"

Nikapiga simu tena, nikamweleza fundi kuwa tumemwagilia na bado. Kimya. Nikadhani imekatika. Kumbe mtu anacheka mpaka pumzi zimemwishia. "Mama Gazeti, ardhi ya mashine, siyo ya kupandia mihogo! Geuza priampu, nyuma kuna skrubu ndogo. Funga hapo."

Nikafunga. Ngurumo ikakatika, chumba kikabaki bila mlio wowote. Nikashusha sindano, tukavuka wimbo wa kwanza tumeshikana mikono. Ukaja wa pili, na mama akaingia kabla ya kinanda kumaliza, amewahi, hakusubiri zamu yake. Nilimtazama kitindamimba. Nilitegemea alie. Akakunja uso kama anayesikiliza mapigo ya moyo wa mgonjwa, kisha akanigeukia.

"Huyu si wewe?"

"Ni mama."

"Dada, huyu ni wewe unavyoimba ukitwanga. Hata huko kuwahi ni wewe!"

Wenzake wakaangua kicheko, maana ni kweli, kila mtu kwetu anajua siwezi kusubiri zamu. Tulimpiga mama mara nyingi siku ile, tukacheza mpaka watoto wakatuonea aibu. Nilipompa fundi habari hiyo akasema, "Basi nimekuuzia ulichokuwa nacho. Lakini amplifaya usinirudishie."

Kabla ya siku ile nilikuwa nikiamini kwamba kuna kitu sikumpa mtoto yule. Fundi alituondolea ngurumo tu, tukasikia kuwa alikuwa amekipata miaka yote, juu ya kinu, bila mimi kujua natoa. Huwa nawaandikia ninyi mnaolea wadogo zenu, wengi mmeacha shule kama mimi na mnajihesabia mliyoshindwa. Chagueni amplifaya ndogo iliyo nzima, na waya wa ardhi mfunge nyuma ya mashine. Ila wakati mnaitafuta, imbeni mkiwa kazini. Kuna mtu mdogo jikoni anasikiliza.