Stoo ya Jirani wa Chini

Jirani yetu wa ghorofa ya chini huingia stoo kila asubuhi kabla hata ya kahawa. Hugonga vifuniko vya chupa za nyanya zilizosindikwa kwa ukucha wa kidole gumba, chupa baada ya chupa, huku ametega sikio asikie kama hewa haijaingia. Inayolia vizuri huiambia, "Haya, endelea kulala." Tambi, dengu, dagaa wa chumvi, mafuta ya zeituni, vyote vina mahali pavyo, na mikono yake minene huvipangusa vumbi ambalo halipo. Ukimwomba chupa moja atakuuliza, "Kwani za kwako zimekwenda wapi?" Kisha atakunyima kwa upole.

Theluji ya mwaka huu, huku kwetu milimani Abruzzo, iliziba barabara siku ya harusi ya Ermelinda, binti wa jengo letu, na gari la chakula likakwama bondeni. Bibi harusi alikaa ngazini na shela lake, analia. Jirani akatoka, akamtazama. "Mwanangu, usilie na tumbo tupu. Waambie watandike meza." Akaufungua mlango wa stoo wazi, akatuita tubebe. Nilipotoka na chupa tatu akanizuia. "Mbona unabeba kama mgonjwa? Rudi uongeze." Tulikula mpaka jioni, na shati jeupe la bwana harusi likala mchuzi pia.

Kesho yake niliteremka kumpa pole. Nilimkuta katikati ya rafu tupu, anapiga mluzi. "Miaka yote natamani kuzipaka rangi rafu hizi, sipati nafasi," akasema. "Shika brashi."