Jezi Ziko Majini

Mama mkubwa hufua nguo za bweni shuleni, na msimu huu alizifua pia jezi za timu yetu ya raga, iliyofungwa mechi zote. Mimi ndiye kocha, kwa hiyo lawama nazijua. Baada ya kipigo cha juzi, mwalimu mkuu alikuja chumba cha kufulia kuzichukua awape wa mpira wa miguu, raga ifutwe.

"Nimeziloweka, mwalimu," mama mkubwa akasema.

Kesho yake alizikuta bado kwenye beseni.

"Mpaka leo, mama?"

"Tope hili haliishi haraka. Hawa watoto wanalala uwanjani kuliko bwenini."

Mwalimu mkuu akacheka, hasira zikamwisha. Akasema tukipata alama yoyote katika mechi iliyobaki, timu itabaki.

Tulifungwa tena, ila beki wetu mnene aliteleza na mpira mpaka ng'ambo ya mstari wao. Alama tano. Timu imebaki.

Nikaenda kumshukuru mama mkubwa. Akanirushia jezi mbichi.

"Shukrani nimezipokea, mwanangu. Sasa kamua."