Biskuti za Mwalimu Kabaso

Mpaka leo siivumilii harufu ya biskuti za maziwa. Mtu akifungua pakiti karibu nami, kwenye basi au ofisini, ile harufu ya sukari na unga mkavu inanirudisha kwenye stoo ya majembe ya shule yetu ya msingi, kando ya ziwa, kati ya Nchelenge na Kashikishi. Nina miaka kumi, nimekalia kiti kirefu, miguu haifiki chini, na mbele yangu yuko mshauri wa wanafunzi. Wenzangu wakinusa biskuti wanakumbuka sikukuu. Mimi namkumbuka Mwalimu Kabaso, na hamu ya kula inaniisha.

Alikuwa mwalimu wa darasa la sita tu, tena mvivu, mpaka mwaka ule vita vya ng'ambo vilipoanza kuleta watu kwa mitumbwi. Nyuma yao yakaja magari meupe ya mashirika ya misaada, na wenye magari meupe wakataka kila shule iwe na mwalimu wa kusikiliza watoto. Kabaso akapelekwa semina mjini Mansa, makao ya mkoa, wiki mbili. Aliondoka na mfuko wa plastiki, akarudi na tai, cheti chenye muhuri, na kijitabu cha kahawia ambacho alikibana kwapani hata akienda chooni. Majembe yakatolewa stoo yakaachwa nje yanyeshewe, meza ikaingizwa, na mlangoni akabandika karatasi yenye msemo wa Kibemba: Imiti ikula empanga, miti inayokua ndiyo msitu. Miti yenyewe ilikuwa sisi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kubisha hodi.

Aliweka pia sanduku la kadibodi, eti tutumbukize humo shida zetu kwa siri. Kwa mwezi mzima lilipata kichwa cha samaki, kokwa mbili, na barua moja iliyosema, "Ticha, suruali yako imepasuka nyuma." Ilikuwa kweli. Mshauri wetu alimtafuta mwandishi wa siri ile kwa fimbo, darasa zima likachapwa, na tangu hapo sanduku halikupata hata kokwa. Watoto waliokimbia vita walikuwepo, wanne kwenye dawati moja, mmoja wao hakuwahi kufungua kinywa muhula mzima. Hao hakuwaita. Majina yao yalimsumbua kuandika.

Mimi jina langu ni Feza, herufi nne tu. Na nilikuwa yatima nusu: mama yangu, mtu wa hapo hapo ziwani, alikuwa amefariki kabla ya mvua, na baba yangu, mtu wa Kilwa upande wa Kongo, alivuka maji kila wiki na chumvi yake na sabuni zake. Kwa mtu anayetafuta mtoto mwenye shida, mimi nilikuwa mali safi.

Lakini sikuwa na shida aliyoidhania, kwa sababu nilikuwa na Bana Chola, yaani mama yake Chola. Huyu aliuza vitumbua kwenye geti la shule, beseni moja la unga, karai moja la mafuta, na mdomo uliosikika mpaka kwenye soko la samaki. Ukoo kwetu hufuata mama. Mama alikuwa wa ukoo wa Mbuzi, kwa hiyo nami ni Mbuzi. Bana Chola alikuwa wa Chui. Na kwa kuwa chui hula mbuzi, koo hizi mbili ni watani tangu zamani: wanatukanana, wananyang'anyana vitu, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

Siku ya mazishi, watu wakiwa wamezidiwa na kilio, Bana Chola aliingia amevaa kitenge cha marehemu, mkono kiunoni, akitembea vilevile kama mama yangu alivyotembea. Akaenda kulala chali mbele ya jeneza, akaapa kwamba chui hawezi kukubali mbuzi mnono hivi afukiwe bure. Waliokuwa wakilia wakacheka na machozi yao yakiwa bado mashavuni. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu mama aanze kuugua.

Baada ya hapo kila asubuhi aliningoja getini.

"Weye mutoto ya mbuzi!" alipiga kelele kwa Kiswahili cha watu wa baba yangu, mbele ya shule nzima. "Mama yako alikuwa muvivu mpaka kupumua kulimushinda, njo alikufa!"

"Na weye chui hauna meno!" nilimjibu, maana alikuwa na pengo mbele.

Hapo alinivuta sikio, akanitazama kucha, akanifunga upya nywele zilizofumuka, na kunitia kitumbua cha moto mkononi. "Kamata, kula. Siye bachui tunanoneshaka mbuzi mbele ya kumukula." Ndivyo nilivyosikia mama yangu akitajwa kila siku ya shule. Nyumbani hakuna aliyemtaja. Baba alishindwa, shangazi walinionea huruma wakashusha sauti nilipoingia. Bana Chola peke yake ndiye aliyemweka mama hai, mvivu na mnono, pale getini kwenye moshi wa mafuta.

Basi, ikasikika kwamba wakaguzi wanakuja kutoka Mansa, nao watataka kuona daftari la ushauri. Daftari la Kabaso lilikuwa jeupe kama siku lilipotoka dukani. Akaniita katikati ya kipindi cha hesabu.

Mezani aliweka kisahani chenye biskuti nne. Hakuwahi kunipa kitu mtu yule, hata chaki. Kwa vile alijua baba yangu ni Mkongo, alinisemesha Kiswahili cha sokoni, kwa sauti laini aliyofundishwa semina, sauti ya mtu anayemkaribia kuku ambaye anataka kumchinja.

"Feza, ule mama wa vitumbua anakuitaka nani?"

"Mbuzi."

"Na mama yako, anasemaka nini juu yake?"

"Alikuwa muvivu. Alishindwa na kupumua."

Aliandika haraka, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Nikala biskuti ya kwanza, kisha ya pili. Zilikuwa tamu, sitawadanganya. Akasogeza kisahani upande wake kidogo, akauliza, "Yale maneno yanakuumizaka, ao hapana?"

Nilijua jibu, na sikuhitaji kijitabu cha kahawia kulijua. Ilinipasa kusema, Ticha, huyu ni mtani wangu, na hadithi ingeishia pale. Lakini zilibaki biskuti mbili, na kisahani kilikuwa kimeanza safari. Nikasema, "Yananiumiza." Akatabasamu kama mtu aliyepata samaki mkubwa kwenye wavu wa jirani. Akanigeuzia daftari nisaini, nami nikaandika Feza kwa mwandiko wangu mzuri, mkia wa herufi ya mwisho nikiupinda kwa madaha. Biskuti zilizobaki nilikula njiani nikirudi darasani, ili nisigawane na mtu.

Na alijua, Kabaso! Hilo ndilo linalonichoma. Angekuwa mzungu wa gari jeupe ningemsamehe. Lakini alizaliwa Kawambwa, mkoa wetu huohuo, alikuwa wa ukoo wa Uyoga, na mwezi uliotangulia nilimwona kwa macho yangu akikimbizwa sokoni Kashikishi na mzee wa ukoo wa Mvua, akivuliwa kofia, akiambiwa bila mvua uyoga gani ungeota, naye akicheka mpaka kuinama. Aliujua utani kama alivyoujua ugali. Ila kijitabu hakikuwa na ukurasa wa utani, kilikuwa na ukurasa wa unyanyasaji wa maneno, na wakaguzi walikuwa njiani.

Jumatatu, baada ya wimbo wa taifa, alitoka na daftari mpaka getini, mwalimu mkuu nyuma yake, sisi tumepangwa mistari. Akamsomea Bana Chola kwa sauti mbele ya wateja wake: anamtesa mtoto yatima, ahamishe beseni ng'ambo ya barabara, asimsogelee tena. Mafuta yalikuwa yakiungua kwenye karai, na Bana Chola hakuyaangalia.

Kisha aliuliza kitu kimoja tu. "Mutoto mwenyewe njo alisema?"

Mshauri wa wanafunzi, mtunza siri zetu, akageuza daftari na kumwonyesha saini yangu. Bana Chola hakujua kusoma. Akaliacha daftari, akanitazama mimi mstarini. Nikatazama viatu vyangu. Akamwaga mafuta, akajitwisha beseni, akaenda zake.

Wakaguzi walikuja, wakasifu. Kabaso alipata kazi kubwa zaidi Mansa, na nasikia huko aliwafundisha wengine kusikiliza watoto. Mungu awahurumie watoto hao.

Wiki iliyofuata baba alinituma sokoni, nikamkuta Bana Chola na karai lake kando ya wauza samaki. Nilijua nitapigwa na kila tusi la mbuzi lililopo duniani. Badala yake aliinuka, akapiga magoti kidogo, akapiga makofi mawili ya taratibu kama anayempokea mke wa chifu. "Mwaiseni mukwai, mayo," alisema, karibu sana, mama. Akanifungia vitumbua kwa karatasi safi, akanipa kwa mikono miwili.

Nilikimbia nyumbani na furaha. Nikamwambia baba kwamba Bana Chola ameacha kunitukana, hana kinyongo, sasa ananisalimia kama mtu mkubwa. Baba alikuwa akishona gunia la chumvi. Sindano ilisimama. "Bon," alisema, yaani sawa, kisha hakusema tena mpaka giza.

Nilikuwa na miaka ishirini nilipoelewa ukimya ule. Nilikuwa kwenye msiba wa shangazi yangu, kule Mwansabombwe, watani wakifanya vurugu zao, wakimwiga marehemu, wakiiba sufuria. Ukutani walikaa watu wachache wametulia, wakitupa pole kwa adabu, mmoja mmoja. Nikauliza ni akina nani. Nikaambiwa, hao si wetu, hao ni wageni, hawana utani nasi.

Sikungoja hata matanga yaishe. Nilipanda gari mpaka Kashikishi, nikamkuta amezeeka, kajifunga kitenge kilichopauka, moshi uleule. Nikasimama mbele ya wateja wake wote, nikapaza sauti niliyokuwa nayo nikiwa na miaka kumi: "Weye chui hauna meno! Mama yangu alikufa, na weye ungali unakula tu!"

Wateja walicheka, wakamgeukia wasikie atajibu nini. Bana Chola akafuta kigoda kwa ncha ya kitenge, akanisogezea.

"Mwaiseni mukwai, mayo," alisema. "Mukae."

Nikakaa. Nikala kitumbua changu kwa adabu, nikamshukuru.