Begi Lililoanguka Kimya

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kizuizini, sokoni, hata kwa jamaa zake, aliitwa Bi Tochi. Alikuwa na tochi ndogo aliyoining'iniza shingoni kwa uzi wa kiatu, na kila kibali kilichofika dirishani pake alikimulika, jua likiwaka au lisiwake, akitafuta nembo iliyofichwa ndani ya karatasi. Waongozaji wa wageni walimcheka. Yeye hakuona cha kuchekesha. Kwa Bi Tochi, mtu aliyekuja na kibali safi alikuwa ama mtu mwaminifu, ama mwizi aliyejiandaa, na kazi yake ilikuwa kuanza na lile la pili.

Kibanda chake kilisimama pale lami ilipoishia na njia ya mlimani ilipoanzia. Ndani mlikuwa na meza, muhuri, jiko la mafuta ya taa na kiti kimoja cha wageni wa heshima. Nje palikuwa na benchi, na mlingoti wa kizuizi uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, ambao mlinzi mzee aliuinua na kuushusha huku akilalamikia kiuno chake. Ng'ambo ya mlingoti ule ilikuwa milima ya mpakani, na huko sheria zilikuwa kali. Hakuna mgeni kupita peke yake. Lazima wawe wawili au zaidi, waongozwe na mtu mwenye leseni, na kila mmoja afike dirishani na uso wake.

Hilo la uso liliongezwa kwa sababu. Zamani mgeni akiwa peke yake, mwongozaji alimkatia kibali na mwenzake wa hewani, na ukiuliza yuko wapi unaambiwa ameumwa tumbo, amebaki hotelini. Kwa hesabu ya vibali vile, mji wote wa chini ulikuwa unaharisha. Ndipo wakubwa wakasema basi, kila mtu aonekane. Waongozaji walinuna wiki nzima, kisha wakanyamaza. Bi Tochi alipaswa kuushuku ukimya ule, na baadaye alijilaumu sana kwamba hakuushuku.

Maana wajanja walikuwa wamepata njia nyingine. Ukikosa mtu wa pili, unamkodi. Unamchukua mgeni yeyote anayezurura mjini, unamvalisha buti, unamtwika begi, anaonyesha uso dirishani na kupigiwa muhuri. Wakishapita kona ya kwanza, yeye anateremka kwa njia ya kondoo nyuma ya machimbo ya mawe, anarudi zake hotelini. Mwenzake anaendelea mlimani na mwongozaji mmoja tu.

Mambo yalifichuka kwenye theluji. Mgeni mmoja alivunjika mguu ng'ambo ya mlima, na mwongozaji wake, mtu wa kuja, akakimbilia msaada. Waokoaji wakasoma kibali: watu wawili. Wakamshusha yule mmoja, kisha wakarudi kumtafuta wa pili kwenye baridi ya kukata masikio, na mmoja wao akapoteza vidole vya mguu. Mtu waliyekuwa wakimtafuta alikuwa mjini anakunywa chai. Kibali kilikuwa na muhuri wa Bi Tochi. Mwongozaji yule alinyang'anywa leseni, na alichokubali kusema ni kwamba yule mgeni wa pili, wa kukodi, alipewa na mtu wa hapohapo. Jina hakulitaja hata kwa vitisho.

Mkuu wa vibali akapanda mwenyewe mpaka kizuizini. Hakukaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia. "Watu hawapitishwi hivi bila mwenyeji. Ama ni wewe, ama ni mtu wako. Nikirudi mwisho wa mwezi nipe jibu. Ukinikosea, ufunguo wa kibanda hiki nampa mwingine."

Kibanda kile ndicho kilichomlisha Bi Tochi tangu alipofiwa na mumewe. Ndicho kilichomsomesha binti yake na kumwoza. Usiku ule wote hakulala, lakini hakuhangaika kutafuta mtu. Mtu alikuwa naye tayari.

Mtu huyo alikuwa mkwewe.

Tuseme kweli, hakuwahi kumpenda. Kijana alikuwa mwongozaji mwenye leseni mpya, mcheshi, mwenye maneno matamu kwa wageni na kwa wakwe. Jioni alikuwa hakai nyumbani, anazunguka kwenye mahoteli. Juzijuzi nyumba yake ilikuwa imepata mabati mapya. Bi Tochi aliyaweka hayo pamoja na kuona yamekaa vizuri mno. Mabati hayashuki kutoka mbinguni, na mwanamume anayezunguka mahotelini kila jioni anatafuta kitu, na kama si wanawake basi ni watu wa kukodi. Alijikuta anaomba iwe ni watu wa kukodi.

Mkwe alipokuja na wageni wawili, mtu na mkewe, Bi Tochi alikuwa amejiandaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shusheni mabegi."

"Yote, mama?"

"Yote. Na lako."

Aliyamwaga kwenye benchi mbele ya watu. Alimulika soksi, akafungua mikebe, akawauliza wale wageni mmojammoja harusi yao ilikuwa lini na nani alikuwa anakoroma. Wageni wakatazamana, wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Begi la mkwe alilikung'uta mpaka chini, ikaanguka suruali ya ndani yenye kiraka ambacho binti yake alikuwa amekishona. Mlinzi mzee akageukia mlima kama mtu anayehesabu mawingu. Mkwe alirudisha vitu vyake kimoja kimoja, uso umemshuka, na safari ile hakuaga.

Jioni binti yake akaingia bila hodi.

"Mama, umemvua mume wangu nguo mbele ya wageni."

"Nguo zilikuwa begini."

"Usinichezee maneno. Mabati unayoyashuku nimeyanunua mimi kwa pesa ya ushonaji. Hotelini anakwenda kutafuta wateja, kwa sababu hana mjomba wa kumtafutia." Akafika mlangoni, akageuka. "Na wewe mwenye tochi unajua vizuri. Ukimulika nyoka, anzia miguuni pako."

Neno lile lilimchoma, lakini alilitafsiri alivyotaka. Miguuni pake si ndipo alipo mkwe? Akaamua kumbana zaidi.

Kaka yake alipita siku chache baadaye. Huyu ndiye aliyemlea Bi Tochi baada ya wazazi kufa, na ndiye aliyezunguka maofisini na kofia mkononi kumwombea dirisha lile alipokuwa mjane. Alikuwa mwongozaji tangu siku za vibali vya kuandikwa kwa mkono, na wenzake walimwita Kiongozi. Akifika kizuizini hakusimama dirishani. Aliingia ndani, akakaa kwenye kile kiti kimoja, akamiminiwa chai, na vibali vya wageni wake vilipigwa muhuri katikati ya mazungumzo. Tochi ilibaki shingoni. Kumulika kibali cha kaka yako, uliwahi kuona wapi?

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nasikia unamsumbua mkweo."

"Kaka, ni yeye. Naapa ni yeye. Nitakosea vipi mimi?"

Kiongozi alipuliza chai yake. "Kijana ana tamaa," alisema taratibu. "Mwangalie vizuri."

Bi Tochi akafarijika. Hatimaye mtu mmoja alikuwa upande wake. Akavuta vibali, majina mawili, nyuso mbili pale nje: mwanamume mrefu aliyechomwa na jua, na msichana wa kigeni aliyekaa benchini anatazama buti zake. Akaubana muhuri kwenye wino.

Nje, mlinzi alikuwa anazunguka kwenda kwenye mlingoti. Kiuno kilimshika, akayumba, akaligusa begi la msichana lililokuwa ukingoni mwa benchi. Likaanguka.

Kila aliyefanya kazi pale alijua sauti ya begi la mlimani likianguka. Ni nguo nzito, mikebe, sufuria, maji. Hutikisa sakafu mpaka vikombe vya kibandani vikalia. Hili halikulia. Lilifika chini kimya na kukaa.

Mlinzi alilitazama. Bi Tochi alilitazama kupitia nondo za dirisha. Kiongozi peke yake hakulitazama. Aliendelea kupuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

"Dada, piga muhuri. Jua linatuacha."

Bi Tochi aliweka muhuri chini, akatoka. Alilinyanyua begi kwa kidole kimoja. Msichana akasimama, akasema jambo kwa lugha yake, akaketi tena. Bi Tochi alifungua mkanda, na kilichotokea kilikuwa cheupe, chenye ukingo wa majani ya uzi wa buluu. Jani moja lilikuwa limepinda. Aliyelipinda alikuwa yeye mwenyewe, alipokuwa anaharakisha kumaliza mto ule wa kulalia kabla wifi yake, mke wa Kiongozi, hajajifungua mtoto wa kwanza. Chini yake kulikuwa na mto wa pili, ndugu wa ule. Basi, hakuna kingine.

Akakaa palepale kwenye benchi, mto mapajani. Kaka yake akatoka.

"Yule wa kwenye theluji," Bi Tochi alisema, "mwenzake ulimtoa wewe?"

"Sikumvunja mguu mimi."

"Na vidole vya mwokoaji?"

Kiongozi akavua kofia, akaivaa tena. "Wote wanafanya. Nikiacha mimi atafanya mwingine. Ingia ndani, tuyamalize. Tutaongea nyumbani."

"Na umeniambia nimwangalie mtoto wangu."

"Ni mkwe. Si mtoto."

"Leo amekuwa mtoto."

Kaka akashusha sauti, na sauti ile Bi Tochi alikuwa anaijua tangu utotoni, ya kuombea kipande cha mwisho cha nyama. "Dada. Mumeo alipokufa, nani alizunguka maofisini kwa ajili yako? Nani alikutafutia dirisha hili?"

Bi Tochi alikuwa na jibu, kwa sababu kila mwaka alikuwa akimshukuru kwa hilo. Lakini mto ulikuwa mapajani, na safari hii swali lilimjia upande mwingine, likamwumiza kuliko msiba.

"Kaka, ulinitafutia mimi kazi, au ulijitafutia dirisha?"

Angekubali hata uongo, kama ungekuja upesi. Kiongozi aliingia ndani, akachukua vibali mezani na kuondoka navyo kuelekea mjini, mwanamume mrefu na msichana wakimfuata nyuma bila kuelewa. Mito ilibaki.

Kesho yake mkwe alifika na wageni watatu. Hakungoja kuambiwa. Alishusha begi lake dirishani, akalifungua mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja na kuinamisha kichwa. Bi Tochi alitaka kumwambia apite. Badala yake alilikagua, taratibu, akakunja kila nguo alivyoikuta, na ile yenye kiraka akaiweka chini kabisa isionekane.

"Nisamehe, baba," alisema bila kumtazama usoni.

"Yamepita, mama." Kijana akafunga begi. "Lakini siku nyingine tuanze na wageni. Wanafikiri hapa kwetu suruali ndiyo kibali."

Mlinzi alicheka mpaka kiuno kikamshika tena. Bi Tochi naye alicheka kidogo, kisha akakiburuta kile kiti cha wageni wa heshima mpaka nje, kando ya benchi, ili yeyote anayetaka akikalie.

Kwa kaka yake hakwenda, na hakuna wa nyumba ile aliyemfuata. Wifi alimtuma jirani mara moja, si kwa ugomvi, kuuliza tu kama mito yake iko. Iko, Bi Tochi alijibu, lakini kwa sasa hairudi.

Mwisho wa mwezi mkuu wa vibali akapanda. Safari hii alikaa kwenye kile kiti cha nje, akachukua chai.

"Haya. Umepata jibu?"

Mito ilikuwa mezani, imefungwa kwenye gazeti. Angeweza kusema ni mtu wa kuja. Angeweza kusema hajui, akakabidhi ufunguo na kumlinda ndugu yake, na hakuna jamaa hata mmoja ambaye angemlaumu.

"Ulisema ni mimi au mtu wangu," Bi Tochi alisema. "Ni mtu wangu."

Akalitaja jina. Si Kiongozi, lile lingine la nyumbani, ambalo mama yao alikuwa akiliita kutoka jikoni chakula kikiiva, na wakilisikia hilo moja tu, wote wawili walikuja mbio.