Mlevi Niliyemsifu Kabiro

Wenzangu, hadi sasa uso wangu unawaka. Jumamosi kikundi chetu cha uchoraji hapa Kabiro kilitundika picha ukutani, kila mtu aseme maoni yake. Mimi mjuaji nikakimbilia picha ya Mama Akinyi, muuza samaki wa omena aliyejiunga majuzi. Alikuwa amechora mwanamume aliyetoa macho, mdomo wazi, mikono hewani.

“Mama, huyu mlevi umemweza!” nikapaza sauti. “Hata chang'aa naisikia ikinuka!”

Hakuna aliyecheka.

“Si mlevi,” Mama Akinyi akasema polepole. “Ni mzee wangu akihubiri.”

Mume wake ndiye pasta atakayenifungisha ndoa mwezi ujao. Nikageuka nitoroke, kumbe pasta mwenyewe amesimama mlangoni, na mchumba wangu kando yake, ameziba uso.