Wageni wa Angani Waliokula Nyasi za Bundala

Shemeji yangu Bundala wa Ngulyati ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyefuatwa nyumbani na viumbe kutoka nyota nyingine. Sisi wengine tunafuatwa na inzi.

Alizaliwa mwaka wa ukame ule ambao vyura walisahau kuogelea, na tangu siku hiyo hajawahi kuona jambo la kawaida. Mbuzi akikohoa, ametumwa. Redio ikikoroma, kuna watu wanateta ndani yake. Kumbe betri zimekwisha. Alimaliza darasa la saba, na hilo hatuwezi kulisahau kwa sababu hutukumbusha. Mimi shule sikuiona hata dirishani, kwa hiyo nimenyimwa mengi, likiwamo hili la kuogopa nyasi.

Lakini ni mtu mwema, nisimchafue bure. Amekaa na mdogo wangu Milembe miaka arobaini na miwili bila kumwinulia mkono. Mistari yake ya pamba imenyooka hivi kwamba ukisimama mwanzoni na kufumba jicho moja unaiona Mwanza. Mali yake ni maksai wawili, Diwani na Katibu, na nyumba ile yote inaishi kwa mabega yao. Mvua zikianguka wao wakashindwa kuvuta jembe, hakuna pamba, hakuna mahindi, hakuna neno.

Mambo yaliharibika pale mjukuu wake Winnie, anayekaa Somanda, alipomwekea video kwenye simu. Humo aliona vyombo vya mviringo vikishuka katika mashamba ya Wazungu, ndani yake watu wafupi wenye vichwa kama maboga, na wakiondoka wanaacha duara kwenye ngano. Bundala akaangalia mpaka simu ikapata joto la kuivisha yai.

Mwezi wa tisa, Jumatatu asubuhi, akaniita kwenye ngitili yake. Huku kwetu kila mwenye mifugo hufunga kipande cha nyasi tangu masika, asiingie mnyama, ili kiangazi ng'ombe wapate cha kula. Hicho ndicho ngitili. Basi katikati ya nyasi zile ndefu palikuwa na duara, limekwanguliwa safi kama limepimwa kwa sinia.

"Umeona, shemeji? Binadamu hawezi kukata hivi."

"Kweli. Binadamu angetumia fyekeo, na angeacha kazi nusu."

"Na hili tundu katikati? Mguu wa chombo."

"Mguu mmoja tu?"

"Wametuzidi akili, mayu," akasema, ndivyo Kisukuma kinavyomwita mama. "Miguu mingi ni ya sisi wajinga."

"Na nyasi wamezipeleka wapi?"

"Kupima."

"Yaani wametoka nyota gani sijui, wakaiona Dodoma wakaipita, wakaiona Mwanza wakaipita, wakaja kupima nyasi za Bundala?"

"Sasa wewe ungepima wapi?" akaniuliza, amekasirika kabisa.

Jumatatu iliyofuata likawapo duara la pili. Ya tatu, la tatu. Na kwa kuwa wewe unayesoma huna ubavu wa kunishtaki, nitakwambia. Alikuwa mtamba wangu. Mgongo wangu hauwezi tena kukimbizana na ng'ombe, na nyasi zangu zilikwisha mwezi wa nane. Basi Jumapili, wakati Bundala yuko kanisani anaimba besi, nilikuwa nampeleka mtamba katikati ya ngitili, nampigilia kigingi, namfunga kamba ndefu. Anakula mpaka kamba inapoishia, anazunguka, anakula. Mavi nilizoa nikakandikia ukuta. Ng'ombe huku tunawachunga wakiwa huru, hatuwafungi malishoni, kwa hiyo hakuna mtu Ngulyati nzima aliyewahi kuona sahani ya ng'ombe mmoja ilivyo. Ndiyo hiyo. Ni duara.

Ningeendelea kunyamaza kwa raha zangu, kama Bundala asingewatoa maksai wake kwenye ngitili. "Hatulishi mifugo kwenye uwanja wa ndege," alisema. Akawafunga zizini na mabua makavu, na yeye akakaa pembeni ya nyasi na kigoda na mwavuli, akiwafukuza watoto wasikanyage alama.

Wiki mbili baadaye Milembe akaja kwangu, khanga imelowa machozi.

"Dada, leo Diwani ameshindwa kusimama. Tumemwinua kwa mkia, mimi na jirani. Ukimgusa ubavu unahesabu mifupa. Mvua ziko mlangoni, dada. Tutalima na nini? Na video?"

"Mwambie awarudishe."

"Nimemwambia. Anasema wageni wenye akili hawapokelewi na kwato."

Ikanichoma. Kukiri nako ni balaa. Anayeiba malisho kwenye ngitili ya mtu anatengwa: hupewi moto, huombwi moto, na siku ukifa watu wanakumbuka wana kazi mbali. Nikawaza kutwa nzima. Kesho yake nikamfuata kwenye kigoda chake.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka, mayu. Sema polepole."

"Nimewaona."

"Nani?"

"Kwani hapo unamsubiri nani, bwana shamba?"

Kigoda kikaanguka. "Lini?"

"Jumapili. Nilikuwa napita njia. Wafupi, vichwa maboga." Sikutaka kubishana na Winnie.

"Wakasema?"

"Wakasema. Kwa Kisukuma."

"Kisukuma! Wamejifunzia wapi?"

"Si wewe uliyesema wana akili?"

Nikaendelea: wamemaliza kupima, nyasi ni nzuri, hawarudi tena hapa. Ila wameondoka wamenuna. Wamekuja safari tatu kuwaona maksai ambao sifa zao zimefika mpaka huko kwao, na mara zote hawakuwakuta. Wakauliza, huyu bwana anatuficha mifugo yake, tumekuwa wezi?

Bundala akashika kichwa. "Mimi? Niwadharau wageni?"

Akakaa chini kwenye nyasi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuijua: "Waliniulizia kwa jina?"

Mtu ana miaka sabini. Kwenye mikutano ananyoosha mkono mpaka ganzi na hakuna anayemwona.

"Kwa jina lako," nikasema, "na la baba yako."

Akavua kofia.

Kabla ya adhuhuri Diwani na Katibu walikuwa ndani ya nyasi hadi masikioni. Mvua ziliposhuka, Diwani alisimama mwenyewe. Mtamba wangu ndiye aliyekonda, ananitazama kama mke mwenza.

Na usidhani nasema huko juu hakuna kitu. Mbingu yote ile, Mungu aliitandaza kwa ajili ya Ngulyati peke yake? Watu wapo. Ila kama wana akili kama wanavyosifiwa, watatuangalia wakiwa mbali.

Siku ya kulima, Bundala akakataa kuanza na shamba lake. Mtu aliyezungumza na wageni, alisema, hawezi kushika jembe la mkono. Akalima ekari yangu ya nyuma ya nyumba, bure, mistari kama uzi. Lakini alipofika katikati akaanza kuwazungusha maksai. Nikatoka nje nikipiga kelele.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nawaachia wageni pa kutua. Wakija safari nyingine watakuja kwako, wewe ndiye wanayekujua."

Akaacha duara pana la kutosha nyumba tatu, halijalimwa, katika ardhi yangu nzuri kuliko zote. Nilipanda kunde pembeni, kwa ujanja, zitambae ziingie ndani. Kila wiki anakuja, anapiga magoti, anazirudisha nje mche kwa mche, kwa upole kabisa, na mimi namletea maji ya kunywa.