Wiki ya 36: overlock iliwaka na mtoto hakucheza

Niaje wakuu. Naandika hii nikiwa na mtoto mgongoni, so makosa ya spelling mnivumilie. Chumvi sijaongeza.

Mimi ni fundi wa nguo. Tuko wanne kwa chumba kimoja huko tao, ghorofa ya tatu, tunashona uniform na gown za kwaya. Nyumbani ni Mountain View.

Hii ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Niliambiwa third trimester ni kiungulia, miguu kufura na kwenda choo kila saa. Yote ilikuja. Mwezi wa nane nilikuwa natembea na slippers za bwanangu, na sikuona haya.

Kitu hakuna mtu aliniambia ni venye utamjua mtoto kabla hujamwona.

Wangu alikuwa na tabia. Overlock, ile mashine ya kufunga pindo, ikiwashwa saa tatu asubuhi inatetemesha meza yote. Na yeye anaanza. Teke chini ya mbavu, upande wa kulia. Wanjiru, mwenye tunashare meza, alikuwa anasema fundi mdogo ameripoti kazini.

Sasa Alhamisi moja, wiki ya 36, overlock ikawaka. Kimya.

Nikasema amelala. Saa nne ikawaka tena, nikaegemea meza mpaka tumbo likagusa mbao. Kimya tu.

Nikapigia mamake bwanangu simu. Ni Mkamba, sisi wote humwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na alikuwa amekuja kwetu kunisaidia hiyo miezi ya mwisho.

"Mwanangu, mtoto akikaribia hupumzika," akaniambia. "Anakusanya nguvu. Kunywa chai, ulale."

Wanjiru naye akaniletea soda baridi, ati itamshtua. Nikalala kwa upande juu ya marobota ya kitambaa, karibu saa nzima. Nilimskia mara moja tu, kidogo sana.

Wakuu, mimi si mtu wa kelele. Mimi nikiletewa chakula si yangu hotelini nakula tu. Lakini hiyo siku niliogopa, na uoga ukageuka kichwa ngumu.

Nikachukua kitabu cha kliniki, nikaweka gown moja kwa bag, nikaenda Hurlingham kwenye kliniki yangu.

Msichana wa reception akaangalia kitabu. "Mama, appointment yako ni Jumanne."

"Najua."

"Uko na maumivu? Damu? Maji imetoka?"

"Hapana. Mtoto hachezi venye huwa anacheza."

"Wakikaribia hutulia mama, nafasi imeisha huko ndani."

Hiyo ilikuwa mara ya pili naambiwa, na siku haijafika nusu. Nikamwambia sitoki hapo kabla mtu hajaskiza hii tumbo, na kama ni kungoja Jumanne nitangoja hapo hapo. Nikaketi mbele yake, nikatoa gown na sindano, nikaanza kupiga pindo.

Nilikuwa nimemaliza mkono mmoja wa gown wakati nurse mmoja wa umri alipita, akauliza nangoja nini. Nikamweleza. Alinishika mkono tukaenda.

Wakanifunga mikanda ya kupima moyo wa mtoto. Ulikuwa unapiga, nikashukuru Mungu. Lakini huyo nurse aliangalia ile karatasi kwa muda mrefu, halafu akaita daktari. Scan ikaonyesha maji imepungua sana. Daktari akasema mtoto amechoka, atoke leo.

Saa tisa nilikuwa theatre. Kijana, kilo mbili na kitu, na sauti kama ya paka. Alikaa nursery siku sita. Nililia zote sita.

Tulipofika nyumbani, Mwaitu hakumshika. Alikaa kwa kiti na leso magotini, akatuambia, "Wa tatu wangu alipumzika hivyo hivyo. Nikaambiwa anakusanya nguvu. Nikanywa chai, nikalala."

Bwanangu ana miaka thelathini na nne. Hakuwa amewahi kuskia habari ya huyo mtoto.

Nilikasirika, siwadanganyi. Nikamuuliza, "Na mbona ukaniambia vile vile?"

Akaikunja ile leso magotini.

"Nilitaka kwako iwe ni kweli."

Hasira ikaniisha. Nikamwekea mtoto mikononi, akamshika mpaka giza ikaingia.

Siku hizi Mwaitu akikutana na mwenye tumbo kanisani hamuulizi tarehe. Anamuuliza, "Anacheza?"

Kile nimejifunza: mtoto akikaribia anaweza kucheza tofauti, lakini hanyamazi. Jua tabia ya wako. Akiibadilisha, enda siku hiyo hiyo, usingoje kesho wala appointment. Wakikuita msumbufu, kubali hilo jina. Mimi nimelizoea.

Wangu sasa ana miezi saba. Wanjiru amewasha overlock saa hii, na huyu ananipiga mateke ya mgongo.

Mlio third trimester, semeni hapo chini wenu hucheza saa ngapi, na leo amecheza saa ngapi. Na kama hiyo ya pili huna jibu, achana na comment. Chukua kitabu chako uende.